TAHARIRI: Kitufe cha kutoka kisichofunga mlango

Mwaka jana, siku ambayo koneksio ya nyumbani ilikatika tangu asubuhi, nilienda kutuma kazi yangu katika siberi moja mjini. Ni vyumba ambavyo sisi wote tunavijua: kompyuta sita, jenereta inayonguruma nyuma ya mlango, kijana mmoja anayehesabu dakika kwenye daftari. Nilikaa kwenye kiti ambacho mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alikuwa ametoka sasa hivi. Yule dada alikuwa amefanya kama alivyofundishwa: alibonyeza « Déconnexion », akalipa, akaaga, akaenda zake.

Mimi, kwa kukosea, nilibonyeza mshale wa kurudi nyuma. Ukurasa wake wa chuo ukarudi kwenye skrini: jina lake, picha yake, pointi zake, na deni lake la masomo. Nilifikiri ni picha tu iliyobaki ndani ya mashini, jambo linalotokea. Nikabonyeza sehemu ya kubadilisha namba ya simu. Ikafunguka. Nakiri kwamba kubonyeza kule hakukuwa haki yangu, na nilifunga mara moja bila kugusa kitu. Lakini nilikuwa nimeona: kitufe cha kutoka kilimpeleka yule dada kwenye ukurasa wa mbele, kikamwambia kwaheri, na nyuma yake mlango ukabaki wazi. Nilipomwambia kijana wa siberi, hakushangaa hata kidogo. Kwake hilo ni jambo la kila siku.

Tovuti hiyo sitaitaja, kwa sababu kuitaja moja ni kuzisafisha nyingine. Toka siku ile, mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukijaribu, kwa akaunti zetu wenyewe, tovuti tunazozitumia hapa kwetu: za shule, za mashirika, za vyama vya akiba. Tuliyoyaona yanatulazimisha kuandika. Na shina la yote ni kitu kidogo ambacho wengi wanakijua kwa jina tu, kwa sababu kila ukurasa wa Ulaya unaomba tukikubali: kuki.

Tuanze na kazi yake. Njia ambayo kurasa za intaneti zinapitia, ile inayoanza na herufi http, haina kumbukumbu. Kila mara unapobonyeza, seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, inakuona kama mgeni ambaye haijamwona hata siku moja. Mwaka 1994, mhandisi Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, huko Marekani, alipata dawa ya usahaulifu huo. Seva inakupa maandishi mafupi, kivinjari chako (Chrome, Firefox au kingine) kinayahifadhi, na kila unaporudi kinayaonyesha tena. Ndiyo kuki. Kwa kawaida haizidi baiti 4096, chini ya nusu ya makala hii.

Fikiria mahali pa kuachia mizigo. Unatoa mzigo, unapewa jetoni yenye namba. Ukirudi, hakuna anayekuuliza baba yako ni nani wala umetoka kijiji gani. Unaonyesha jetoni, unapewa mzigo. Sasa mwenzako akiokota jetoni yako, ni yeye atakayeondoka na mzigo. Neno la siri tunalolificha hata kwa wake na waume zetu linatumika mara moja tu, pale mlangoni. Baada ya hapo, kuki ndiyo inayozungumza kwa niaba yako, kila ukurasa, kila picha, mpaka mtu aivunje. Mwenye kuki yako hahitaji neno lako la siri.

Hilo si jambo la kufikirika tu. Mwezi wa kumi 2010, Mmarekani Eric Butler alitoa programu ndogo ya Firefox iliyoitwa Firesheep. Ulikaa kwenye mkahawa wenye Wi-Fi ya wazi, ukaifungua, ukaona majina na picha za watu waliokuwa kwenye Facebook au Twitter kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Ukabonyeza jina, ukaingia kwenye akaunti yao. Hakuna neno la siri lililoibwa. Tovuti hizo kubwa zilikuwa zinafunga kwa kufuli ukurasa wa kuingilia tu, halafu kuki zilisafiri uchi hewani. Butler alisema wazi alichotaka: kuwaaibisha wenye tovuti. Alifaulu. Baada ya miaka mitatu, mwaka 2013, Facebook iliwawekea watumiaji wote njia iliyofungwa, ile ya https, bila wao kuiomba.

Kisha kuna Yahoo. Kampuni hiyo ilikubali mwaka 2017 kwamba akaunti karibu milioni 32 zilifunguliwa, kati ya 2015 na 2016, na watu waliojifunza kutengeneza kuki bandia. Kwa baadhi ya akaunti hizo, waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki maofisa wawili wa upelelezi wa Urusi na wenzao, na kati ya watu waliolengwa walikuwemo waandishi wa habari. Sisi wa kazi hii tusome sentensi hiyo mara mbili.

Mtu atasema: hayo ni ya wakubwa, sisi huku hata umeme ni wa kubahatisha. Mimi nasema ni kinyume. Huko Ulaya, mtu mmoja ana simu moja na kompyuta moja, na kuki yake inalala naye nyumbani. Hapa kwetu, kompyuta moja ya siberi inapitiwa na watu arobaini kwa siku. Simu inaachwa kwenye kibanda cha kuchajia asubuhi, inachukuliwa jioni. Simu ya mama inatumiwa na watoto watatu na mpwa aliyekimbia vita. Simu inauzwa kwa okazyo sokoni, na mwenye nayo amefuta picha zake lakini hakufuta kitu kingine. Kuki iliyobuniwa kwa ajili ya mtu mwenye mashini yake mwenyewe, sisi tumeivaa bila kuipima. Na katika majimbo yetu, ambapo mtu anaweza kusimamishwa barabarani na kuamriwa afungue simu, kujua nani aliandika nini na kwa nani si maneno ya wataalamu peke yao. Kuna raia waliolazimika kuhama nyumba zao kwa sababu ya ujumbe mmoja.

Ndiyo maana hatuwezi kumwambia tu raia « uwe mwangalifu ». Yule dada wa siberi alikuwa mwangalifu. Alibonyeza kitufe alichopewa. Aliyekosea ni aliyetengeneza kitufe, na aliyelipa pesa ili kitengenezwe bila kuuliza swali.

Nizungumze sasa na vijana wa enformatiki, ambao wengi ni rafiki zangu, na ambao wanajenga tovuti hizi kwa dola mia mbili au tatu, usiku, kwa koneksio ya kupanda na kushuka. Najua hali yenu. Lakini mengi tunayoyaona hayahitaji pesa.

La kwanza ni kuandika ukweli ndani ya kuki yenyewe. Kwenye tovuti moja tuliyoijaribu, kuki yangu ilikuwa na namba yangu ya uanachama, kama ilivyo, bila kufichwa. Kwenye nyingine kulikuwa na neno linalosema kama mimi ni mwanachama wa kawaida au msimamizi. Ndugu zangu, kuki inakaa kwa mteja! Anaweza kuifungua, kuibadilisha, na kuirudisha. Ni sawa na kumpa mtu jetoni isiyoandikwa na kumwambia ajiandikie namba ya mzigo anaoutaka. Kuki ya kuingilia haipaswi kubeba kitu chochote isipokuwa herufi ndefu za kubahatisha, zisizo na maana kwa yeyote. Maana yake ibaki kwenye seva.

La pili ni kutoka. Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana ndipo ugonjwa ulipo. Kutoka kuna kazi mbili: kumwambia kivinjari atupe kuki, na kuua kwenye seva ile sesioni ambayo kuki iliifungua. Wengine wanafanya ya kwanza tu. Aliyekwisha kunakili kuki anaendelea kuingia kwa raha, kwa sababu seva haijui kwamba mwenye nyumba ameondoka. Wengine, kama kwenye tovuti ya chuo ile, hawafanyi hata moja. Kitufe chao ni njia tu ya kurudi kwenye ukurasa wa mbele. Wanaotumia PHP, na huku kwetu ndio wengi, wanayo amri ya session_destroy(), ila hiyo inafuta vilivyo kwenye seva na haigusi kuki iliyo kwenye kivinjari. Lazima muifute wenyewe kwa mstari mwingine. Na kurasa zenye mambo ya siri ziambiwe, kwa neno no-store, zisihifadhiwe ndani ya mashini. Bila hilo, hata ukifunga vizuri, mshale wa kurudi nyuma utaonyesha pointi za mwenzako.

Kuna jambo ambalo linanishangaza kila ninaposoma maelezo ya PHP. Kuki yake ya sesioni, ile inayoitwa PHPSESSID, inatoka kiwandani ikiwa haina kinga. Alama ya HttpOnly, inayozuia programu zilizopenya kwenye ukurasa kuisoma kuki, imezimwa. Alama ya Secure, inayoikataza kusafiri nje ya njia iliyofungwa, imezimwa. Nayo HttpOnly si kitu kipya: Microsoft iliiweka katika Internet Explorer mwaka 2002, wakati wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi au sekondari. Kuziwasha ni mistari miwili kwenye faili la mpangilio. Mistari miwili! Kufuli ya https nayo haiuzwi tena. Tangu Let's Encrypt ilipofungua milango yake, cheti kinapatikana bure. Ninapoona chama cha akiba kinachopokea namba za simu na michango ya mama zetu kwenye njia ya wazi, sikubali tena kusikia kwamba ni umaskini.

Kuhusu alama ya tatu, SameSite, vivinjari vimewahurumia wavivu. Toka 2020 Chrome inaichukulia kuki isiyosema kitu kama yenye alama ya Lax, ili tovuti ya wezi isiweze kirahisi kutuma maombi kwa jina lako kwenye tovuti uliyoifungua upande wa pili. Hilo linasaidia. Lakini anayeijenga tovuti kwa kutegemea huruma ya kivinjari asahau kwamba watu wetu wengi wana simu za zamani, zenye vivinjari ambavyo havijapata mageuzi miaka na miaka.

Halafu muda. Mafunzo mengi yanasema: usiipe kuki tarehe ya mwisho, nayo itakufa kivinjari kikifungwa. Nani hapa anafunga kivinjari? Kwenye simu tunakiacha nyuma na kwenda WhatsApp. Kwenye kompyuta, kivinjari kilichopangwa kurudisha kurasa za jana kinarudisha na kuki za jana. Muda wa kufa lazima uhesabiwe na seva: dakika ishirini bila kazi kwa tovuti ya pesa, labda masaa kadhaa kwa tovuti ya masomo. Watu watalalamika kwamba wanaingiza neno la siri mara nyingi. Walalamike. Nakubali hapa kuna ugumu wa kweli, kwa sababu koneksio ikikatika katikati ya kujaza fomu, mtu anapoteza kazi yake na mega zake, na mega kwetu ni pesa ya chakula. Basi mtunge programu itunze fomu iliyojazwa nusu, imwombe mtu neno la siri, imrudishie. Ni kazi, lakini ndiyo kazi mnayolipwa.

Na kuna kubadilisha namba mara mtu anapoingia. Mtu akifungua ukurasa kabla ya kuingia, anapewa jetoni ya mgeni. Akishatoa neno la siri, mpeni jetoni mpya na muivunje ya zamani. Katika PHP ni session_regenerate_id(true). Msipofanya hivyo, mjanja wa siberi anaweza kuandaa jetoni mapema, akainakili, akamngoja mteja aingie nayo. Yeye atakuwa ameshika ya pili.

Nigeukie sasa lile bango linalosema « Nous utilisons des cookies ». Linapendwa sana na tovuti zetu siku hizi. Limetoka Ulaya, ambako lina historia: sheria ya 2002 iliyorekebishwa 2009, kisha mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoamua tarehe 1 Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichowekwa alama mapema si ridhaa ya mtu. Mwanzoni mwa 2022, tume ya Ufaransa inayolinda data, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukataa kuki kulikuwa kugumu kuliko kuzikubali. Bango hilo linahusu hasa kuki za matangazo, zile zinazokufuata kutoka tovuti hadi tovuti ili wajue unachopenda. Ni vita ya haki, na siidharau.

Ila hapa tumenakili bango na kuacha sheria. Tumeona bango ambalo kitufe chake cha kukataa hakifanyi kitu. Kuki zilikuwa zimeshaingia kabla hujasoma neno la kwanza. Sisi wenye kurasa za habari hatuna pa kujificha: matangazo yanatulisha, na matangazo hayo yanakuja na kuki zake. Msomaji ana haki ya kutuuliza na sisi. Hata hivyo, afadhali tovuti isiyo na bango ambayo kitufe chake cha kutoka kinafunga, kuliko yenye bango zuri la rangi na sesioni isiyokufa.

Nchi yetu si kwamba haina sheria. Kanuni ya mambo ya kidijitali ilitiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, kwa amri-sheria namba 23/010, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya kulinda data za mtu binafsi, pamoja na mamlaka ya kuisimamia. Ni maandishi mazuri. Lakini mama wa chama cha akiba hawezi kungoja mkaguzi atoke Kinshasa, hasa katika wakati huu ambapo hata benki zimefungwa katika miji mingine na watu wamehamisha maisha yao yote kwenye simu. Kwa hiyo tunawaelekea walio karibu.

Wakuu wa shule, mashirika, hospitali na vyama: kabla ya kumlipa aliyewajengea tovuti, kaeni naye mezani. Ingieni, bonyezeni kitufe cha kutoka, kisha mshale wa kurudi, kisha jaribuni kufungua ukurasa wa ndani. Ukifunguka, msilipe. Mwombeni awaonyeshe kuki yenyewe. Kwenye Chrome au Firefox ya kompyuta inaonekana ukibonyeza F12. Mkiona jina au namba ya mtu imeandikwa humo waziwazi, msilipe. Mtihani huo unachukua dakika kumi na hauhitaji diploma.

Walimu wa enformatiki katika vyuo vyetu: mwanafunzi anayewasilisha kazi yake ya mwisho, na karibu wote siku hizi wanawasilisha programu ya kusimamia kitu fulani, aulizwe mbele ya jopo jinsi sesioni yake inavyokufa. Nimehudhuria mitetezi kadhaa. Maswali yalikuwa juu ya rangi za ukurasa, ukubwa wa herufi na makosa ya Kifaransa.

Nanyi mnaotumia mashini za watu, mpaka hayo yatengenezwe, fungueni dirisha la faragha kabla ya kuingia popote, na mkimaliza mfunge madirisha yote ya faragha. Kuki zilizozaliwa humo zinakufa humo. Kwenye simu unayotaka kuuza, rudisha simu yote kama ilivyotoka kiwandani. Kufuta picha hakutoshi.

Nimalizie na ile tovuti ya chuo. Namba ya kijana aliyeijenga ilikuwa chini ya ukurasa. Nilimpigia, nikamweleza nilichokiona, na nilitegemea matusi. Alinyamaza, kisha akaniambia kwamba darasani walimwonyesha namna ya kufungua sesioni, na hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuifunga. Baada ya wiki mbili nilirudi siberi ileile na mwanafunzi mwingine aliyekubali kutusaidia. Aliingia, akatoka, nikabonyeza mshale. Ukurasa ukamwomba neno la siri. Tovuti ya pili, ile yenye namba za wanachama ndani ya kuki, mwenye nayo tumemwandikia mara tatu. Jana usiku, tukiandika makala hii, ilikuwa bado inafunguka.